Nyumba ya Kumi

Jumatatu, 10 Juni

Saa tisa na nusu nimeteremsha vyungu. Kila siku kabla ya baruti ya mgodini, vyungu vya Bibi vinashuka kutoka kwenye rafu na kukaa chini juu ya gunia. Ardhi ikishatulia vinarudi juu. Ufa wa ukuta wa jikoni umeongezeka. Nimepima kwa rula. Sijui kwa nini napima.

Likizo imeanza. Mwalimu wa Kiswahili amenitafutia kazi ya siku chache. Kuna watu wa utafiti wa maoni wametoka Mwanza, wanauliza wananchi habari za uchaguzi na za mgodi. Wanataka mkalimani wa Kikurya kwa ajili ya wazee. Mwalimu kawaambia naandika vizuri. Hakuwaambia kwamba mbele ya watu sauti yangu inakauka.

Bibi amefurahi kuliko mimi. Tangu mwaka jana analalamika kwamba kila mtu anazungumza habari ya kutuhamisha na hakuna aliyemuuliza yeye. Ameuliza kama watafika kwetu. Nimesema labda.

Jumatano, 12 Juni

Mdadisi niliyepangiwa, yaani yule anayeuliza maswali, anaitwa Kelvin. Kizibao cha bluu, viatu vyeupe, jambo ambalo ni kosa kwa barabara zetu. Ni mpole. Leo tulikuwa upande wa Nyamwaga, kesho ni kitongoji chetu.

Utaratibu wao nimeupenda sana. Anaanzia kanisani, anahesabu nyumba za mkono wa kushoto, kila ya kumi anaingia. Hachagui mwenye cheo wala mwenye chai. Mwisho wa dodoso kuna mstari: Nathibitisha kuwa nimemhoji mtu anayeishi katika nyumba hii. Mdadisi anatia sahihi. Nimeusoma mara tatu. Sijawahi kuona haki iliyopangwa hivyo, kwa kuhesabu tu. Mtu yeyote anaweza kuangukiwa na zamu ya kuulizwa.

Jioni nimehesabu kutoka kanisani. Ya kumi ni kwetu. Bila mategesha, bila shaka. Nani anahesabu mategesha? Ni vibanda vya bati ambavyo watu wa Tarime mjini wamevijenga kwa wiki moja, wakisubiri mgodi upanuke walipwe fidia. Havina jiko, havina choo, havina mtu.

Nimemwambia Bibi kesho avae vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumeanza kanisani saa tatu. Kelvin akahesabu moja, mbili, tatu, na ya nne ikawa tegesha. Nikasubiri airuke. Hakuiruka. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ya saba tegesha pia. Kila alipokosea nilisema moyoni, nitamwambia hapo mbele. Hapo mbele pakafika. Ya kumi ikawa tegesha la nyuma ya migomba ya Bibi, nyumba mbili kabla ya kwetu, hatua arobaini tu kutoka mlangoni.

Nilidhani atakuta kufuli, yaishe. Kumbe bodaboda walishapeleka habari mjini kwamba kuna watu wenye karatasi na vizibao. Wenye mategesha wakadhani ni wathamini wa fidia. Tumemkuta baba mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki, kuku wawili wamefungwa mguuni kwa kamba, na sufuria ambayo bado ina karatasi ya bei.

Kaishi hapa miaka mingapi? Kumi na miwili. Kibanda chenyewe kimejengwa Machi, nilisikia misumari. Yuko tayari kuhama? Hata leo. Mgodi umeleta maisha mazuri? Sana, na mgombea anayetaka mgodi upanuke ndiye wake. Alijibu Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo mimi sikuwa na kazi. Nilikaa pale kama mkoba.

Halafu Kelvin akaomba choo. Yule baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akanitazama mimi. Nikanyoosha kidole kwetu.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda tangu asubuhi, kitenge cha Krismasi, kilemba kipya. Alipomwona mtu wa kizibao anakuja akanyanyuka.

"Shikamoo Bibi. Samahani, naomba kutumia choo."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Kiko pale. Ukitoka, karibu tuanze."

Alitoka. Akanawa kwa maji ya Bibi. Akashukuru vizuri sana. Akarudi kwenye tegesha kumalizia maswali.

Njiani nilipata sauti, ndogo. Nikamwambia, kaka, yule haishi pale.

"Mdogo wangu, nimejua tangu nilipoona sufuria."

"Sasa mbona umeandika?"

"Nyumba ina mlango, ina mtu, na mtu anajibu. Nikiiruka, msimamizi ataniuliza nimepewa na nani ruhusa ya kuchagua."

Akatia sahihi pale pale, akiwa amesimama, dodoso amelilaza juu ya paja.

Bibi hajavua kitenge mpaka giza lilipoingia. Amesema labda kijana amesahau.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeandika barua kwa msimamizi, kurasa mbili. Nimetaja mategesha yote matatu yaliyohesabiwa. Nimempa mkononi, nikitazama chini.

Amesoma nusu. Kasema ukurasa wa pili atausoma baadaye, mwandiko wangu ni mzuri, na kazi ya mkalimani ni kutafsiri. Kelvin alikuwa anasafisha viatu.

Namchukia. Hapana. Namchukia kidogo. Ninayemchukia zaidi ni mimi. Nilihesabu naye moja hadi kumi, mdomo umefungwa.

Jumamosi, 29 Juni

Redio, saa mbili asubuhi. Bibi anapepeta ulezi. Matokeo ya utafiti wa maoni: wakazi wengi wa vijiji vinavyozunguka mgodi wako tayari kupisha upanuzi na wanasema maisha yamekuwa bora. Utafiti umefuata kanuni za kitaalamu.

Bibi kaacha kupepeta. Kauliza, wakazi gani? Nimezima redio. Kaniambia niiwashe, hajamaliza kusikiliza.

Jumatano, 3 Julai

Mkutano wa hadhara uwanja wa shule. Yule mgombea anayetaka mgodi upanuke alikuja na gazeti lenye matokeo ya utafiti. Kalinyanyua juu. Wananchi wenyewe mmeshasema mko tayari kuhama, mimi ni nani niwapinge?

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa yule baba wa tegesha. Safari hii hakuja na kuku.

Bibi alinyoosha mkono. Nilitamani kuingia chini ya benchi.

"Mura, uliyemuuliza ni nani?"

"Mama, hiyo ni sayansi. Si lazima kila mtu aulizwe. Daktari hamalizi damu yako yote kupima malaria."

Watu wakacheka. Bibi akasubiri wamalize.

"Sawa. Lakini damu anatoa kwangu, hatoi kwa jirani."

Wakacheka zaidi, wengine upande wetu. Mgombea akaendelea na ukurasa mwingine. Mimi nilijua mategesha yote matatu kwa majina ya wenyewe. Nilisimama. Kweli nilisimama. Nikasema "Naomba", kipaza sauti kikapita, nikakaa.

Nyumbani Bibi hakunisema. Ningependa angenisema.

Alhamisi, 4 Julai

Mvua kidogo asubuhi. Baada ya kuteremsha vyungu nimechukua daftari la hesabu ambalo halijatumika. Maswali nayakumbuka yote, niliyatafsiri siku nzima Nyamwaga. Nimemwambia Bibi akae kwenye kigoda. Akaniambia nisubiri. Akaenda kuvaa kitenge.

Nimemuuliza kwa mpangilio wao, bila kuruka. Kaishi hapa miaka mingapi? Tangu alipoolewa, mtoto wake wa kwanza amezikwa nyuma ya ghala. Kuhama? Hataki, lakini wakimwonyesha maji yalipo na pa kulaza ng'ombe atasikiliza. Hakuna kisanduku cha jibu hilo. Nimeliandika lote, mistari sita.

Nilipofika kwenye mgombea gani angempigia kura, kanitazama.

"Hilo sikuambii. Kura ni siri."

Nimeandika: amekataa kujibu.

Baruti ikalia katikati ya swali la ishirini. Tukasubiri vumbi litue, tukaendelea.

Mwishoni nimeuandika ule mstari kama ulivyo. Nathibitisha kuwa nimemhoji mtu anayeishi katika nyumba hii. Nikatia sahihi, jina langu lote. Halafu tumerudisha vyungu kwenye rafu.