Mafuvu Chini ya Picha ya Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Aibu gani hii! Nilikuwa napinda sketi ya mteja, nikafungua simu kidogo — picha ya binti yangu chuoni, anacheka. Chini yake komenti za wenzake, vijipicha tu. Mafuvu. Mafuvu matupu! Nikajua wanamtishia kifo. Nikampigia mlezi wa bweni, akaenda kumgongea na mlinzi, bweni zima likatoka kuchungulia. Kumbe fuvu ni mtu kusema amecheka mpaka kufa.

Kanibloku. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Bado kimya.

Kidoti, binti wa kaka yangu, alikuja kupima gauni akanikuta macho mekundu. Akaketi juu ya robota la vitambaa, akanifundisha taratibu. Fuvu, kicheko. Moto, sifa. Ukijibu "Sawa" peke yake, umenuna. Nami nimemjibu binti yangu hivyo mwaka mzima! Na zile dua ndefu ninazomwandikia mbele ya watu, pamoja na kumkumbusha dawa za minyoo? Kidoti alicheka hadi akashika mbavu. Shangazi, hizo mpelekee faraghani.

Mungu ambariki. Angeweza kunicheka akaenda zake.

Nimemtumia binti yangu meseji ya kawaida: nisamehe, niliogopa.

Jumamosi, 8 Machi

Kanifungulia! Hakusema neno, lakini picha naziona. Asante, asante. Sijagusa kitu. Hata moto sijaweka, na vidole vinaniwasha.

Jumapili, 9 Machi

Ameweka picha ya mto wa kitanda gizani. Hakuna maneno. Duara la kijani kando ya jina lake. Nikampigia Kidoti simu mbio mbio. Anasema kijani ni kwa wachache aliowachagua mwenyewe. Nami nimo! Nimelia hapa hapa kwenye cherehani, kwa furaha.

Na mto je, maana yake nini? Kidoti akasema hiyo haijui, nimwandikie tu kwamba nipo.

Nimeandika: Nipo, mwanangu.

Ameisoma. Anaandika... kaacha. Anaandika tena... kaacha.

Simu inaita — ni yeye! Kidoti aliniambia watoto hawa hawapigi simu ila mambo yakiwazidi. Ee Mungu, asante kwamba kanipigia mimi. Napokea