Kiatu cha Kushoto Kimebaki Tshangalele

Yaya wangu Feza, dada yangu mkubwa,

Kaa chini kwanza. Natangaza kwa masikitiko makubwa, mbele yako na mbele ya ukoo wote ulioko Kalemie, kwamba kiatu changu cha kushoto kimetutoka. Cha kulia ni kizima, kinawasalimu. Na wewe je, magoti yanakuruhusu kupanda kilima cha kanisa? Mama bado anakula kwa siri pilipili aliyokatazwa? Huku Likasi mimi ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo limezidisha uzima.

Habari kubwa ni hii. Hapa kando ya ziwa Tshangalele, ninapolinda mabwawa ya samaki ya Papa Kasongo, fisi-maji jike alinaswa kwenye wavu akafa. Aliacha watoto wawili, dume na jike, wadogo kama paka. Nikawaokota. Papa Kasongo akanitazama kama mtu aliyeingiza moto katika nyumba ya nyasi.

"Odilo, miye sifugi bezi ba samaki! Bakijua kujivulia, baende ziwani. Mvua ikianza bakiwa bado hapa, tunabakula na bukari."

Nikaapa hawataliwa, si kwa bukari wala kwa ugali mwingine wowote.

Lakini Yaya, watoto hao! Dume alikuwa anamkalia dada yake kichwani ili amalize samaki peke yake. Nikamkumbuka mtu fulani, simtaji, aliyekuwa akinionyesha ndege angani huku mkono wake uko kwenye nyama yangu. Nikasema hapa haki itatawala. Kila mmoja boksi lake, sahani yake, samaki wake wa kukatiwa vipande. Basi dume akawa analia kutwa, jike akanenepa kama mimi, na nikiwawekea samaki hai kwenye beseni, wanamtazama tu kama mgeni wasiyemjua.

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya Mama Ngoie, jirani yangu anayekausha samaki, alipokuja kuchungulia.

"Weye, kwenu kila mutoto alikuwa na sahani yake?"

"Hapana, mama. Sahani moja, sisi wote."

"Na ukajua kula mbio, ao hapana?"

"Nilijua sana."

"Sasa hawa batajulia wapi? Kwa sahani ya mufalme?"

Siku hiyo hiyo nikawatia pamoja kwenye bwawa dogo lenye samaki hai. Vita! Walizama wameshikana masikio, na samaki wakapita katikati yao wakicheka. Sikuwaamua, ingawa mikono iliniwasha. Nilirudi kila asubuhi, na kila asubuhi kicheko cha samaki kilipungua. Mwishowe nikaona kwa macho yangu: dume anawafukuza samaki kutoka kwenye kina, dada yake amejibanza kwenye matete, chap! Kisha wakagombania mkia. Papa Kasongo alitazama, akameza mate.

"Haya. Baende."

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi anayetuombea kwa sauti ya kuamsha mtaa. Mama mwambie pilipili nimeisikia harufu hadi huku.

Sasa ukweli wa kiatu. Mama Ngoie nilimwambia kimechukuliwa na mamba. Hakuna mamba. Nilipowaachia nilikaa kwenye tope nikawaita warudi, niwaage tu. Walirudi. Dume akakichomoa kiatu mguuni mwangu akakivuta kwa mbele, jike akakisukuma kwa nyuma, bila kung'atana hata kidogo, wakaingia nacho ziwani. Nikaita tena, samaki mkononi. Hawakugeuka. Tone la kwanza la mvua likanipiga puani. Nikarudi nyumbani mguu mmoja peku, samaki nikamkaanga, nikamla polepole, maana hapakuwa na wa kuninyang'anya.

Mdogo wako,
Odilo