Mlango wa Kabati la Mama Mkwe

Limi, nimeharibu. Nimeharibu kabisa!

Ule ubao wa mninga niliouokota stoo nimeukata umbo la ndege korongo kwa msumeno wangu wa nakshi. Nikatuma picha kwenye grupu la familia, wote wakasifu.

Mara mama mkwe huyu hapa mlangoni: "Huo ubao umeutoa wapi?"

Limi, ni mlango wa kabati ambalo marehemu baba mkwe alimtengenezea walipooana kule Nkome, mwaka 1974!

Nikapiga magoti. Hakunigombeza. Bora angenigombeza!

Akauliza taratibu, "Nyuma alinichongea jina langu. Hukuliona?"

"Hapana, Mama."

Nililiona, Limi. MINZA. Nikapitisha msumeno katikati.

Sasa ameinama stoo, anaokota vipande kwenye vumbi la mbao.

Naenda kumwambia ukweli. Usinipigie kwanza.