Mama Anakupungia Mkono

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu. Natumaini mu wazima, na natumaini macho yako hayajambo, maana mara ya mwisho ulilalamika kwamba yanakuuma kwa kukodolea kompyuta kutwa nzima. Huku tunapumua. Mimi mzima, shemeji yako mzima wa mwili, na mama anaamka. Ukitaka kujua zaidi ya hapo basi keti, usisome umesimama, na usisome ukiwa kazini, kwa sababu nimeandika nikiwa na hasira na sitafuta hata sentensi moja.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Simu imenishinda. Nikipiga unaniambia uko kwenye kikao, dada, nitakurudia, halafu kimya. Ukipokea, mimi naanza na hasira, wewe unaanza na haraka, tunaachana hatujaambiana kitu. Karatasi haina kikao.

Nianze na habari zako, kwa sababu hapa kwetu wewe ndiye habari. Mama hachoki. Akienda dukani, akipanga foleni zahanati, akikutana na mtu ambaye hata hamjui, atamweleza kwamba mwanawe wa mwisho anaitazama dunia kutoka juu, na anayo mashine inayomwonyesha kila kitu. Mwenye duka ameisikia hadithi hiyo hadi siku hizi anamalizia mwenyewe. Watu wanacheka, lakini wanacheka kwa heshima, kwa sababu wewe ni msomi na sisi wengine ndio hivyo tena.

Unakumbuka ulivyotueleza kazi yako. Ulikuwa umekuja kumzika baba, na siku ya kuondoka ulifungua kompyuta sebuleni, tukakuzunguka. Ulisema kuna watu wa mbali wenye fedha wanaotaka kununua hisa za dhahabu ambayo hawajaiona, na kuna kampuni zinaapa kwamba dhahabu ipo. Hawawezi kuja kuchungulia kila shimo, ndiyo maana wanailipa ofisi yenu iangalie picha za setilaiti. Ardhi iliyokwanguliwa mashine yako inaipaka rangi ya chungwa. Rangi ikipanuka kutoka picha hadi picha, unaandika kwamba kazi inaendelea. Ikibaki palepale, unaandika kwamba hapo kuna maneno matupu. Ukatuonyesha bati letu linavyong'aa, na mama akaligusa kwa kidole. Akakuuliza kama na yeye unamwona. Ukacheka, na palepale akaingia jirani na mkono wa pole, ukainuka kumpokea, na swali la mama likabaki bila jibu. Baadaye jikoni uliniambia mimi kwamba mtu haonekani hata kidogo kwenye picha hizo, kwamba hata ng'ombe humwoni, nyumba yenyewe ni nukta. Uliniambia mimi. Yeye hukumwambia. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Sasa mgodi, huu wa hapa kwetu ninakofanya kazi. Yule meneja wetu tunamwita Bwana Kesho, kwa sababu ukimuuliza mshahara ni kesho, ukimuuliza dhahabu ni kesho, ukimuuliza maji ya kambini ni kesho asubuhi. Mwanzoni walichimba kweli, siwezi kuwasingizia. Wakapeleka mchanga kupimwa, majibu yakaja, Bwana Kesho akafunga mlango wa ofisi yake na kutwa nzima hatukumwona. Hakuna kitu, mdogo wangu. Vumbi. Tulidhani tutafungishwa virago wiki ileile. Kumbe mwenzetu amekwisha kusikia kwamba wenye fedha wanatazama kutoka juu, na kwamba siku setilaiti inapopita si siri, mtu yeyote anaweza kuitafuta na kuipata.

Tangu hapo hatuchimbi, tunapigwa picha kama maharusi. Mimi karani ndiye ninayebandika tangazo la siku ya picha getini. Siku chache kabla yake kambi inachangamka, katapila linakwangua majani na udongo wa juu sehemu ambayo haijaguswa, malori yanapangwa barabarani utadhani yana safari, na lile shimo la zamani linatandikwa turubai la buluu na kumwagiwa maji ili lionekane bwawa la kusafishia dhahabu. Picha ikishapita, injini zinazimwa, turubai linakunjwa lisichakae, wanaume wanarudi kwenye drafti. Ungekuwepo ungecheka hadi ukae chini. Mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni.

Wewe ulipopewa kuuangalia mgodi huu ulifurahi, ukasema mabosi wamekupa kwa sababu unapajua mahali. Ripoti yako ilipotoka Bwana Kesho aliniita ofisini, meno yote nje, akaniagizia soda baridi, akanisomea kwa sauti kwamba shughuli zinapanuka kwa kasi ya kuridhisha. Chini pana jina lako, na jina la baba kwa nyuma yake. Nilikunywa soda ile, nikaenda uani, nikakupigia. Nilikueleza yote haya, turubai na malori na drafti. Unajua ulivyonijibu? Kwamba wewe unaandika kinachoonekana. Kwamba maneno ya dada si ushahidi, na ukiyapeleka kwa mabosi wataona umewaficha kuwa una ndugu ndani ya mgodi, utamwaga unga. Kwamba kwani nani anaumia, ni fedha za matajiri wa mbali, waache wachezeane.

Nilinyamaza, na sijisafishi. Nilisema moyoni kwamba na mimi mshahara wangu unatoka humohumo, na wa shemeji yako pia, kwani yule anayeendesha katapila ni nani. Tukala, tukanyamaza.

Ila rangi yako ya chungwa haishibi. Picha ya pili ilitaka zaidi ya ya kwanza, na ya tatu zaidi ya ya pili, na mlima wa kampuni ukaisha kukwanguliwa wote. Wakaanza kuteremka kwa watu. Walikuja na karatasi za kuhamisha, na ahadi ya viwanja na nyumba za tofali, kesho bila shaka. Majirani wakaondoka mmojammoja shingo upande. Mahindi yao yalikuwa yameanza kubeba. Katapila lilipita juu yake, na wewe huko ukapaka rangi, ukasifu.

Ikabaki nyumba ya mama. Nilimsihi. Shemeji yako alimsihi, akamwandalia chumba kwetu, akapiga chokaa. Mama aligoma katakata. Wala hakugombana nasi. Alikuwa ametulia, anatuonea huruma kama sisi ndio wenye shida. Alisema mwanawe yuko juu ya watu hao wote na anatazama, na hawezi kukaa kimya akaona nyumba ya mama yake inabomolewa. Alisema watakapoligusa bati lake tu, wewe utajua siku hiyohiyo, na utawasimamisha.

Lazima nikueleze ilikuwaje mama akaamini hivyo, ingawa mkono unaniwia mzito. Ile siku ya picha ya kwanza nilimtajia, katika kupiga soga tu. Kumbe aliishika. Alioga, akavaa gauni la manjano ulilomnunulia, akafagia uwanja, akatoka akasimama katikati, akatazama juu, na akapunga mkono. Nilimkuta hapo nikitoka kazini mchana. Kulikuwa na wingu, naye akawa anasubiri lipite. Nilimuuliza anafanya nini. Alisema anamsalimia mtoto wake, maana mtoto mwenyewe haji.

Basi kila nikibandika tangazo getini, ilinibidi nikamwambie na yeye. Siku nikisahau angeninunia wiki nzima. Alibadilisha gauni mara moja tu, akaogopa hutamtambua, akarudia lile la manjano.

Mwezi uliopita walikuja. Dereva mwingine alikuwa ameletwa kutoka mbali, mtu wa kukodi, asiyemjua mama wala baba. Shemeji yako alikuwa amekataa kazi ile na barua ya kufukuzwa alikuwa nayo mfukoni. Alipomwona mgeni yule anapanda anavuta sigara, alirudi kwa Bwana Kesho, akapiga magoti, sitii chumvi, mwanaume mzima alipiga magoti, akaomba aendeshe yeye. Aliniambia kwamba kama ni lazima, basi iwe mikono inayojua kila kitu kiko wapi. Alitoa kitanda, akatoa sufuria, akatoa picha ya baba ukutani, akaezua bati akalipanga vizuri pembeni. Kisha akapanda, akakwangua. Mama hakumtazama hata mara moja. Alisimama uani na gauni lake, uso juu, anapunga mkono, sasa kwa nguvu, kama mtu anayeita gari lililompita. Nilikwenda kumshika, akanisukuma, akasema nisimzibe.

Setilaiti ilipita siku ya pili yake. Mama alirudi tena akasimama hapohapo, juu ya udongo mwekundu.

Kwa hiyo utakapoipata barua hii picha utakuwa nayo mezani. Mashine itakuwa imekwisha kupaka. Sikuandikii ukose usingizi kwa ajili ya matajiri wako, kila mtu na wake. Nakuandikia nikuelekeze pa kutazama. Tafuta pale bati lilipokuwa linang'aa. Halipo. Katikati ya rangi yote hiyo ya chungwa utaona nukta moja ya kijani. Usije ukaandika ni kichaka. Ni kaburi la baba na yale maua aliyoyapanda mama juu yake. Shemeji yako alipofika hapo aliinua koleo la katapila, akalizunguka, akaendelea. Bwana Kesho alimtukana, akasema linaharibu picha. Mama alisimama kando ya nukta hiyo, upande wa barabarani.

Sasa anaishi kwetu. Na shemeji yako hawasemeshani. Akiingia sebuleni mama anahamia jikoni, akija jikoni mama anarudi sebuleni, na mwenzangu amezoea kula nje kwenye ngazi, sahani magotini, halalamiki. Hali si nzuri. Mama halii. Angelia ningeshukuru. Anakaa dirishani, na kila gari linaposimama barabarani anasimama na yeye, anaweka nguo sawa. Anasema umeona. Anasema huwezi kuwa hukuona, sasa uko njiani, labda ni usafiri tu.

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema ambalo sijalisema. Jikoni uliniambia mtu haonekani, na mama sikumwambia. Si kwamba nilisahau. Ile siku ya kwanza, alipoingia ndani amechoka na jua, aliniuliza kama umempigia simu ukasema umemwona. Ulikuwa hujapiga kwa miezi. Nikamtazama na gauni lile, nikasema ndiyo, amepiga, anasema umependeza. Aliimba siku nzima. Mara iliyofuata nikasema anasema umekonda, ule vizuri, na akala. Nilikupa huruma ambayo huna, mdogo wangu, nikakupa maneno matamu ambayo hukuyasema, nikamfanyia mama mtoto mwema kutokana na wewe. Na mtoto huyo ndiye aliyemfanya agome kutoka. Nyumba ile ungeweza kuiponya wewe kwa kuandika ukweli, na ningeweza kuifungasha mimi kwa kusema ukweli. Hakuna aliyesema.

Sitaki fedha. Usinitumie fedha, nitazirudisha. Bwana Kesho anangoja ripoti yako ili apange wapi pakwanguliwe tena, na upande wa pili wa barabara bado kuna nyumba zenye watu. Andika utakavyoandika, jina ni lako.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili. Panda gari uje, uingie mlangoni, akuone, useme umekuja kwa sababu ulimwona. Mimi nitakaa kimya, shemeji yako atakaa kimya, na uongo huo nitaubeba hadi kufa. Au, kama huji, chukua kalamu na umwandikie mama kwa mkono wako kwamba hukumwona, si siku ile wala siku yoyote, na kwamba hakuna anayemwona. Nitamsomea neno kwa neno. Lakini mimi kumwambia kwa mdomo wangu siwezi, na wewe unajua kwa nini siwezi.

Usichukue muda mrefu kuchagua. Tangazo jingine nimelibandika leo getini. Mama ameuliza ni lini, na gauni ameshalifua, linakauka kwenye kamba hapa mbele yangu ninapoandika.

Msalimie wifi. Mwambie macho yako ayawekee kitambaa cha maji baridi. Shemeji yako anakusalimu, amesema niandike hivyo tu na nisiongeze. Mama hajui kwamba nakuandikia. Angejua angesema salamu zake unazipata mwenyewe.

Ndimi dada yako, mtoto wa kwanza wa mama yako.