Njia ya Bisil Uliyoipima kwa Mguu Mmoja

Mpendwa mama,

Barua hii ni yako, lakini nakala yake nitaiweka pale tunapoandikiana sisi wachezaji wa gemu ya pikipiki, maana kila wiki kuna mtu anayeniuliza ni nani aliyejenga njia ya Bisil. Nikijibu kwamba ni mama mkwe wangu, mkulima wa Makueni mwenye miaka sitini na mitatu ambaye hajawahi kupanda pikipiki hata kama abiria, wanadhani ninawatania. Basi wacha wasome. Na wewe usikasirike, kwa sababu nitasema hata yale ambayo sisi wawili hatujawahi kuyazungumza.

Ulikuja kwetu Kitengela mwezi wa kwanza, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta mpaka pajani. Ulikuwa umeteleza shambani baada ya mvua, na daktari alitaka kukuona kila wiki mbili, kwa hivyo Mutuku, mwanao na mume wangu, akakuleta. Mimi nilikuwa na miaka miwili katika ndoa, na katika miaka hiyo ulikuwa umeongea na mimi labda mara nne. Watu wenu walipokuja kwetu Bisil kuzungumza habari za mahari, walikuja wajomba na baba mdogo. Wewe ulituma ujumbe kwamba una homa. Mama yangu alikuwa amekushonea mkufu wa shanga. Aliufunga kwenye leso akaurudisha sandukuni.

Siku ya tatu ya kukaa kwako nilirudi kutoka kazini Isinya, kule kwenye shamba la maua ninakopanga waridi kwa urefu, nikakupata sebuleni ukiongea na dada yako kwa simu. Uliongea Kikamba, ukijua mimi ni Mmaasai na siwezi kuelewa. Mama, Mutuku alinifundisha Kikamba tangu tukiwa wachumba. Nilisikia yote. Ulisema nyumba haina mtoto, na mwanamke mzima akitoka kazini anakaa chini kucheza pikipiki za watoto. Niliingia jikoni nikasonga ugali, nikakuletea, ukasema asante. Wiki hiyo nilimpigia mama yangu nikamwuliza kama ninaweza kurudi nyumbani kwa muda. Hata Mutuku hajui hilo. Atalisoma hapa.

Lakini sikuacha gemu. Ile saa moja baada ya kazi ndiyo ilikuwa yangu. Kuendesha tu kulikuwa kumeshanichosha. Nilichopenda ni ile sehemu inayokuruhusu kujenga njia yako mwenyewe, unainua ardhi hapa, unaichimba pale, kisha unaiachilia watu wengine waiendeshe. Nilikuwa nimejenga njia tano. Zote zilikuwa na miruko mirefu ya kutisha, maana nilidhani huo ndio utamu wenyewe. Watu walianza, wakaanguka, wakaondoka kabla ya kufika nusu. Mmoja aliniandikia kwamba njia zangu ni kama adhabu ya shule.

Jioni moja nilikuwa nikiijaribu ile ya sita. Nilikuwa nimeanguka mahali pamoja labda mara tisa. Wewe ulikuwa kwenye kochi nyuma yangu, mguu juu ya mto, na nilidhani umelala.

"Hiyo barabara yako inachosha," ukasema.

Niligeuka. Nilikuwa tayari kwa matusi, lakini hukuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unaangalia mlima kwenye skrini kwa macho ya mtu anayekagua kazi. Uliniuliza ni kwa nini nimefanya mlima wote uonekane kutoka chini. Ndipo ukanieleza habari za njia yenu ya mtoni, ile mliyokuwa mkipanda na mitungi ya maji mgongoni, kamba imekazwa kwenye paji la uso. Ulisema waliotengeneza njia ile walikuwa wanawake, na waliikunja mara saba ingawa ingeweza kunyooka. Ukiona mlima wote mara moja, miguu inakufa kabla hujaanza. Ukiona kona moja tu, unasema wacha nifike pale.

Niliukunja ule mlima jioni ile ile. Siku iliyofuata watu kumi na wawili waliimaliza njia. Nilikuambia nikiwa bado nimesimama mlangoni na sare ya kazi, na wewe ukauliza, kama fundi anayeuliza mwenzake, wale wengine walianguka wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kila siku saa kumi ulikuwa umeshaoga, miwani machoni, unanisubiri. Uling'ang'ania kuishika padi ya gemu mwenyewe ingawa vidole vyako, vilivyozoea jembe, vilikuwa vinabonyeza vitu viwili kwa pamoja. Ulianguka sana. Nilichokiona ni kwamba kuanguka kwenyewe hakukukukera. Ulikerwa tu ulipoanguka penye shimo usiloweza kuliona. "Huyu amenidanganya," ulikuwa ukisema, na mimi ndiye niliyekuwa huyo. Tukakubaliana kwamba kila hatari katika njia zetu itaonekana kabla mtu hajaifikia, hata kama ni kwa jiwe moja jeupe kando ya barabara.

Mambo ya kutua ulinifundisha kutoka kwenye matuta yenu ya fanya juu. Umechimba matuta hayo miaka arobaini na kikundi cha akina mama, mkirusha udongo upande wa juu, na unajua kwa macho tu maji yatapiga wapi na yatapumzika wapi. Ulisema pikipiki ikiruka ni kama maji: ikitua mahali tambarare inapiga kwa nguvu, ikitua kwenye mteremko inaendelea na safari. Mimi nilikuwa nimesoma maelezo marefu ya wachezaji wa ng'ambo juu ya jambo hilo hilo na sikuwa nimelielewa. Wewe ulilionyesha kwa kiganja, ukikiteremsha juu ya goti lako zima.

Mwezi wa nne nilikuambia ninataka kujenga njia ya kwetu Bisil. Nilikueleza korongo la mchanga, mawe meusi, na jinsi ng'ombe wanavyoshuka kwenda mnadani wakiacha vijia vingi vinavyopishana. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema huwezi kujenga mahali ambapo hujapakanyaga, na ukamwambia Mutuku atafute gari.

Aliazima pikapu ya mwajiri wake wa pale Kajiado anakochomelea mageti, tukaondoka Jumapili asubuhi. Ulikuwa umetolewa plasta, unatembea kwa mkongojo. Nilikaa katikati yenu nikihofia tutakavyopokewa, maana mama yangu alikuwa amejibu kwa simu neno moja tu, kwamba amesikia. Njiani uliniuliza wanawake wa kwetu wanasalimiwaje. Ulilirudia neno lile kimya kimya, midomo ikicheza, kutoka Isinya mpaka tulipoacha lami.

Mama yangu alikuwa amesimama nje ya nyumba. Ulishuka kwenye gari bila kukubali kushikwa, ukamwendea, ukasema, "Takwenya."

"Iko," akaitikia salamu.

Mama hajui Kiswahili kingi. Uliniambia nikutafsirie, kisha ukasema maneno ambayo sikuwa nimeyatarajia: "Mwambie nimechelewa miaka miwili. Sikuwa na homa. Nilikuwa na maneno mengi kichwani juu ya watu ambao sijawahi kuwaona, na mtoto wake ameyavumilia ndani ya nyumba."

Mama, hukujua ulichonitwika siku ile. Mtoto mwenyewe ni mimi, na ilinibidi kuyasema kwa Kimaasai, kwa mdomo wangu, nikimtazama mama yangu usoni. Nilikwama katikati, nikaanza upya. Wewe ulingoja. Mutuku aliondoka akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Nilipomaliza, mama yangu alikuangalia, macho yakashuka mpaka kwenye mguu wako.

"Mwambie aketi," akasema. "Mguu utavimba."

Mlikunywa chai. Baadaye aliingia ndani akatoka na ile leso ya mkufu.

Mchana ule mlitembea wawili kando ya korongo, wewe na mkongojo, yeye na fimbo, mkioneshana vitu kwa vidole kwa sababu nilikuwa nimebaki nyuma na hamkuwa na mkalimani. Ulipima kona kwa hatua zako, ukiuhesabu ule mguu mzima tu. Mama alikuonyesha mahali punda hukataa kupita hata wakipigwa. Uliinama ukagusa udongo, ukaitikia kwa kichwa kukubaliana na punda.

Tuliijenga kwa wiki tano. Ulinifanya nibomoe korongo mara tatu. Pale punda wanapokataa, wewe ndiye uliyetaka tuweke njia mbili, ya mkato iliyo ngumu na ya kuzunguka iliyo pole, ili mgeni na mzoefu wafike wote. Juu ya kilima uliacha uwanda mtupu. Nilikuambia watu watachoka kuendesha mahali pasipo na kitu. Ulisema hapo ndipo watakapopumua. Ulikuwa sahihi kuliko mimi, na nimeona wachezaji wakisimamisha pikipiki pale, bila sababu, kuangalia walikotoka.

Jumamosi ile tuliyoenda kwenye chumba cha gemu hapa Kitengela, vijana walipoichagua njia yetu kwa mashindano yao, ulikaa nyuma na mkufu wako shingoni na hakuna aliyejua wewe ni nani. Nilikuwa nikiangalia nani anashinda. Wewe ulikuwa ukiangalia nyuso za wanaoanguka. Kijana mmoja wa Kisomali, ambaye baba yake ana duka la vitambaa karibu na hapo, alianguka kwenye mkato mara nne. Mara ya tano akapita, akaweka padi mezani, akajishika kichwa akicheka. Ulininong'oneza, "Pale tusiguse tena." Huo ndio wakati nilioona jinsi ulivyo. Ulikuwa umekaa miezi mitano ndani ya nyumba na mguu mbovu, na akili yako yote uliitumia kufikiria mtu usiyemjua atajisikiaje akifika kwenye kona.

Mwezi wa nane ulirudi Makueni kwa sababu mbuzi wako wanakuhitaji, na ni kweli. Mimi ninaendelea kujenga. Njia yangu ya kwanza ya peke yangu tangu uondoke imependwa kiasi, ingawa kuna mruko mmoja ninaojua kwamba una kasoro na sijaona kasoro yenyewe iko wapi. Nikitoka kazini saa kumi bado ninafungua mlango haraka haraka. Halafu ninakumbuka, ninaweka maji ya chai ya mtu mmoja.

Sijui kama tutapata mtoto, mama. Tumeanza kwenda hospitali, mimi na Mutuku pamoja, na wewe ndiwe mtu wa kwanza ninayemwambia, ingawa wachezaji wenzangu watakuwa wamelisoma kabla yako. Usimwambie dada yako kwanza. Nitamwambia mwenyewe, kwa Kikamba.

Daktari wako anataka kukuona tena mwezi ujao, lakini Mutuku atakuja kukuchukua mapema, Ijumaa hii. Mbuzi waachie jirani. Beba nguo za mwezi mzima, usije na zile za siku mbili.

Ninakungoja nyumbani,

Mkaza mwanao,
Naserian