Pale Tunaposimama

Tokyo, 11 Juni 1985

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba unakula, si kunywa chai tupu tangu Mama atutoke. Mimi sijambo, ila mvua za msimu huu zimeotesha ukungu hadi kwenye viatu.

Kazi ya chuo inasonga. Kama unavyojua, naandika juu ya muziki na utaifa: jinsi nyimbo zilivyowafundisha watu wa kila bonde kujiona Wajapani wamoja. Profesa wangu anataka sura moja ihusu ngoma yetu ya Tochikubo. Niulizie wazee: kwa nini katikati ya wimbo tunasimama kimya, kisha tunaendelea?

Mwanao,
Sawako

Tochikubo, 20 Juni

Sawako mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile. Nakula sana, jirani Hisano ananiletea figili za chumvi utadhani nafuga farasi.

Swali gani hilo? Umeshakuwa mtoto wa mjini? Tunasimama kuwasubiri wafu wetu waingie duarani. Ni jambo la kale, la miaka mia nne. Ndivyo nilivyowaandikia maofisa wa mkoa, na Agosti wanakuja kuitazama ngoma ili waiingize katika orodha ya urithi wa mkoa. Mwenyekiti wa ngoma ni mimi, usije ukaniaibisha.

Na mwaka huu ni Obon ya kwanza ya mama yako, mara yake ya kwanza kurudi nyumbani pamoja na wafu wengine. Nimeshanunua taa nyeupe ya kumwongoza nyumbani. Tutakaposimama, nitamsubiri yeye. Njoo.

Baba yako

Tokyo, 3 Julai

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo? Hili ningependa kukuambia uso kwa uso, lakini nikingoja hadi Agosti utakuwa umeshawaambia maofisa habari za miaka mia nne.

Wimbo wetu si wa kale. Nimeusikia kwenye santuri hapa chuoni, neno kwa neno. Ulitungwa mwaka 1934 na mtunzi wa Tokyo, aliyeajiriwa na wenye nyumba za wageni za chemchemi ya maji moto ili wavutie watalii. Zama zile kila bonde lilitaka wimbo wake wa asili, hata kama asili yenyewe inatoka mjini. Na upande wa kwanza wa santuri unaishia pale pale tunaposimama. Baba, nadhani tulikuwa tunasubiri santuri igeuzwe.

Sitaliandika bila ruhusa yako. Najua nimekugusa penye kidonda, na roho inaniuma.

Mwanao,
Sawako

Tokyo, 2 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima kimya! Nimempigia simu Bi Hisano, akasema u mzima ila umenuna. Profesa anaidai sura yake, nimemwomba asubiri. Nije Obon, au nisije?

Mwanao,
Sawako

Tochikubo, 17 Agosti

Sawako mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima. Kweli nilinuna. Hukuja, na sikulaumu, maana sikukujibu.

Maofisa walikuja. Niliwaambia mwenyewe, kabla ngoma haijaanza, kwamba wimbo ni wa mwaka 1934. Afadhali niumbuke kwa mdomo wangu. Waliinama kwa adabu, wakala tikiti maji letu, wakaondoka. Urithi ndio umekwenda hivyo. Iliniuma, sikufichi.

Wenzangu wakanijia juu. Mmoja akasema basi tusisimame tena, tunasubiri nini, mashine ya santuri? Bi Hisano, mwimbaji wetu tangu ujana wake, akamkata kauli.

"We, koma! Unajua mashine ilikuwa ya nani? Ya Eikichi! Wimbo ukifika hapo anageuza santuri, sisi tunamngoja huku tunamtania: 'Fanya haraka, mzembe wewe, miguu inapoa!' Alipochukuliwa vitani tukabaki kuimba kwa midomo yetu. Na tukifika hapo, tunasimama. Nani angethubutu kuendelea bila yeye?"

Eikichi ni kaka yangu, yule aliye pichani juu ya madhabahu ya nyumbani. Alipochukuliwa mimi nilikuwa sijaanza shule, hiyo mashine siikumbuki. Sanduku lake la mifupa lilirudi kutoka Ufilipino na jiwe tu ndani.

Wote wakaingia duarani. Tukacheza. Tulipofika pale tukasimama, muda mrefu kuliko kawaida. Nilimngoja mama yako, na nikamngoja kaka. Nililia, na Hisano aliniona.

Andika sura yako. Andika mwaka, andika na mtunzi wa Tokyo. Ila ukifika pale tunaposimama, andika jina la Eikichi.

Baba yako