Saa Yangu na Dumu la Deo

Jumanne. Upepo tangu alfajiri, vumbi la Sumbawanga hadi kwenye meno.

Jumamosi iliyopita, saa tisa na dakika ishirini alasiri, pale Wampembe ufukweni, nilimpoteza Deo.

Hajafa. Yuko mji huu huu, kwake, na simu yangu haipokei. Nimepiga mara tisa. Nilichopoteza ni mtu niliyetembea naye miaka sita nikipeleka wageni ziwani kwa miguu: yeye mbele, mimi nyuma, wageni katikati.

Wengi mnaosoma hapa mmeniuliza kuhusu saa ya setilaiti, ile ya kuvaa mkononi inayoonyesha njia. Inafaa kununua? Niliahidi jibu. Ninalo sasa, ila nimelipata pabaya.

Mimi nilianza na baiskeli na viatu vya mitumba, nikiviuza kwenye gulio la Laela, mvua na jua. Biashara ya nje ilipofunguliwa, vitu vikaanza kumiminika kupitia mpakani Tunduma, na saa yangu ilipita huko huko, imeshatumika, kioo kina mkwaruzo. Sikupewa na mtu. Labda ndiyo maana niliipenda kupita kiasi. Aliyejitafutia kila kitu hupenda sana kitu kinachomwambia kwamba hajakosea.

Tangu niivae nimewauliza wageni kumi na saba wanataka nini kwenye saa ya namna hii. Kumi na wanne walianza na betri: isife kabla ya safari kuisha. Halafu kioo kisomeke juani. Vitufe vibonyezeke hata vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi yetu ya asubuhi. Ikumbuke ulikopita ili uweze kurudi kwa njia ile ile. Ilie ukipotea. Isiwe nzito.

Yangu inafanya yote hayo. Hilo ndilo linaloniuma. Saa haikuharibika hata kidogo Jumamosi.

Deo ana desturi aliyoikuta kwa baba yake. Ukifika ukingoni, uwanda unapokatika na kuanza kuteremka, hupiti tu. Unakaa na kina mama wanaopanda na dagaa kutoka ziwani. Mnasalimiana, mnaulizana habari za nyumbani, ndipo mnafika kwenye habari za njia: mto gani umekauka, nani kalima juu ya njia ya zamani, nani kahama. Vituo vitatu, dakika ishirini kila kimoja. Mimi nikapiga hesabu: saa nzima ya kukaa. Nilipopata saa ya mkononi nikavifuta vituo vyote vitatu.

Mwaka jana, kwenye kilomita ya kumi na moja, tulipumzika kwenye boma la Masanja, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alikuwa amechimba kisima. Nikabonyeza kitufe, nikaweka alama: MAJI.

Basi Jumamosi. Wageni wanne kutoka Dar, tukaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mtu lita mbili, kama siku zote, kwa sababu kwa Masanja tutajaza. Nikamwona Deo kajifunga dumu la lita tano mgongoni.

"Vipi Deo, unahama?" Wageni wakacheka.

"Kaka, kule kwa Masanja..."

Nikainua mkono wenye saa. "Hii inapima, Deo. Wewe unakisia."

Akaniangalia. "Haya kaka. Na kuchota maji inachota?"

Wageni wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Nikakasirika. Tulipofika ukingoni, kina mama wa dagaa walikuwa wamekaa kwenye mawe yao, mmoja akaita, "Deo! Unapita kama askari?" Akapunguza mwendo. Nikamwambia hatusimami.

Kilomita ya kumi na moja saa ikalia vizuri kabisa. MAJI. Tulikuta uzio wa miiba umelala chini, jivu baridi, na kisimani tope lililopasuka kama kigae.

Mfugaji nyasi zikiisha anahama. Mimi nimezaliwa Ufipa, nimekua nikiwaona wakihama, na bado nikaweka alama kwenye boma kama vile ni kanisa.

Zilibaki kilomita kumi na tatu, jua la Septemba, na chupa tupu. Kwenye kilomita ya kumi na tano mgeni mmoja, mama mwalimu mstaafu, alikaa chini akashindwa kunyanyuka. Midomo imekuwa myeupe. Deo akafungua dumu, akamnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo, kisha akawagawia wengine. Mimi alinipa wa mwisho, lakini alinipa.

Mwalimu alipopata sauti akauliza, "Nani alifikiria kubeba haya, jamani? Mungu ambariki."

Nikajibu, "Sisi huwa tunatembea na akiba, mama."

Sisi.

Deo alikuwa ameinama akifunga dumu. Aliniangalia mara moja tu.

Tulipofika Wampembe akaliweka lile dumu tupu miguuni pangu, akawaaga wageni kwa heshima zote, halafu mimi: "Saa itakurudisha, kaka." Akapanda gari la samaki lililokuwa linapandisha.

Nina manung'uniko yangu, sitaficha. Angenivuta pembeni. Miaka sita anaijua hasira yangu na anajua inaisha baada ya dakika tano. Jana sokoni dada yake, Skola, aliniambia kwamba Ijumaa, kwenye mashine ya kusaga, Deo alisikia Masanja kahama. Nikawaka: kwa hiyo alijua! Nikatembea hadi nyumbani nikiwa nimemshinda kesi kichwani.

Halafu nikahesabu. Maneno manne. "Kaka, kule kwa Masanja." La tano nililikata mimi.

Kwa hiyo mlioniuliza: nunueni, kama uwezo upo. Wekeni alama kwenye mwamba, kivuko, kanisa, vitu visivyo na miguu. Kwa vyenye miguu, ulizeni watu. Hakuna mgeni hata mmoja kati ya wale kumi na saba aliyeniambia anataka saa ijue maji yamehamia wapi. Nadhani walidhani hiyo ni kazi yangu. Ilikuwa kazi yangu.

Leo asubuhi nimemwandikia Mwalimu. Nimemwambia maji yalikuwa ya Deo, wazo la Deo, mgongo wa Deo, na kwamba mimi nilimcheka.

Skola, najua unasoma hapa. Msomee kaka yako hili lote, usiruke penye aibu yangu.

Deo, Jumamosi nina watu sita wa kuteremsha. Vituo vitatu vya kina mama wa dagaa nimevirudisha, uje usije. Bila wewe siwapeleki. Njia ile siijui, nilikuwa nakufuata. Usinijibu "tutaona", wala usimtume mtu na salamu. Unakuja kutangulia mbele, au huji? Nataka neno moja kutoka kinywani mwako, kabla ya Alhamisi saa sita mchana.